Mipira ya Usukani na Ugali wa Dada

Nilichagua mipira ya usukani wa baiskeli kwa kuibonyeza kwa kidole gumba juu ya nailoni yake, kama mtu anayetafuta parachichi la kula leo. Iliyo laini kuliko yote ikashinda. Ilikuwa ya sponji, minene kama gunzi la mahindi, na muuzaji akaniapia, "Mzee, hili ni godoro la mikono." Kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kochi hadi jikoni, neno godoro lilitosha.

Baiskeli yenyewe, ile ya gia za kupandia milima, niliinunua kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Anaishi mlimani, juu ya Bigwa. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba miaka mitatu hajaniona, na nisipofika kabla ya mfungo, nisijisumbue tena. Dada yangu hana utani. Jumamosi asubuhi nikatoka Kihonda, nikakatiza mjini, nikaanza kupanda.

Vidole vyangu ni vifupi, havikuweza kuizunguka mipira ile. Nikaibana kwa nguvu, na kadiri nilivyobana ndivyo sponji ilivyodidimia, mpaka viganja vikalalia chuma. Njia ni mawe na makorongo. Kabla ya nusu ya mlima kidole cha mwisho kilikufa ganzi, kikafuata cha pete, halafu nikaacha kuhesabu.

Nilifika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akatenga ugali na kisamvu. Nikamega tonge, likadondoka mkekani. La pili likatumbukia bakulini, mchuzi ukarukia khanga yake. Nikaomba kijiko.

"Kijiko," akasema. "Siku hizi mjini ugali wa dada unaliwa kwa kijiko."

"Dada, ni mipira ya usukani."

"Ndiyo. Na mwaka juzi ilikuwa mvua."

Nilishuka kwa miguu nikiikokota baiskeli, nimefura kwa hasira. Kiatu unakijaribu umekaa kwenye benchi. Hata sufuria wanakuacha upime mfuniko. Lakini kitu cha kubeba uzito wako wote juu ya mawe unauziwa kimefungwa kwenye nailoni, ukiifungua umeshanunua. Nilipomrudia muuzaji akasema, "Mzee, godoro linataka kuzoewa." Kumbe siku ya kununua hakuniuliza ninakwenda kupanda wapi; sasa ndipo aliniuliza, huku akicheka.

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu ndiye aliyenishikisha jozi moja baada ya nyingine, nimefumba macho. "Kamata kama mpini wa jembe," alisema, "usikamate kama umemkaba mwizi." Tukaishia kwenye raba ngumu kidogo, nyembamba, ncha za vidole zinakaribia kugusa shina la gumba, upande wa nje umetanuka ili kiganja kiegemee, na inakazwa kwa skrubu isizunguke. Nimezunguka nayo Kihonda nzima, mikono mizima.

Hayo yote nilimweleza jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa barazani kwake akichambua mchele. Nikamlaani muuzaji, nikailaani sponji, nikamalizia kwamba dada amekataa kupokea simu zangu wakati kosa si langu. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Jirani, bodaboda za Bigwa zinapanda kutwa nzima. Miaka mitatu yote hiyo, mikono yako ilikuwa na ganzi gani?"