Magoti ya Bertilla

Zamani, Ufipa nzima, mwanamke akikutana na wakwe alipiga magoti na kupiga makofi taratibu mpaka aitikiwe. Siku hizi salamu ni kidole gumba kwenye simu.

Kwa uchungu huo nilimhukumu Bertilla vibaya. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni hapa Sumbawanga, mzaliwa wa Kasense, mnene, mcheshi. Binti yake Sharon alipochumbiwa na kijana wa Laela, mshenga nilikuwa mimi. Wakwe walipokuja, Bertilla aliwasalimu wima, mikono kaificha ndani ya kitenge. Justina, mama wa kijana, hakugusa chakula.

"Mzee," aliniambia tukienda stendi, "yule anatupokea kama karani wa posta? Mwambie tumesimamisha mambo kwanza."

Kesho yake nilikwenda kumgombeza. "Wewe umelelewa na Wafipa au na redio?"

Bertilla alifunga mlango, akapandisha kitenge. Magoti yote mawili yalikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe, yamepasukapasuka. Viganja vilevile.

"Baba, ningepiga magoti jana, damu ungedeki wewe."

Ugonjwa ule unaitwa soriasisi, alikuwa nao mwaka wa kumi na moja. Hauambukizi, lakini aliogopa wakwe wakijua watasema Sharon naye ataurithi. Basi akaona heri aitwe mwenye kiburi, na sasa kiburi hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima binti yake ndoa.

Mwaka huohuo sukari ilimpanda. Daktari alimpeleka Dar es Salaam, wakamfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili uzito ushuke. Mimi nilipinga. Wazee wetu walipungua kwa jembe, si kwa kisu. Mumewe, Wilibrodi, alinijibu kwa upole, "Mzee, jembe alilishika tangu utoto. Magoti ndiyo yaliyokataa."

Alirudi anakunywa uji kwa kikombe cha mtoto. "Nimeoa kifaranga," Wilibrodi akamtania.

"Kifaranga kinachojua kudonoa," Bertilla akajibu.

Nafuu ya ngozi hakuna aliyeitarajia. Mwezi wa nne baada ya upasuaji, viwiko, navyo vilikuwa na mabaka, vilianza kulainika. Wa saba, viganja. Magoti yalichelewa mpaka karibu mwaka. Nilimuuliza daktari wetu hapa, maana sipendi kuambiwa tu "ni Mungu". Akasema mafuta mengi mwilini huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na soriasisi hulishwa na uvimbe huohuo. Uzito ukishuka, kwa wengi ngozi hutulia. Si kwa wote. Wapo wasioona nafuu. Bertilla mwenyewe alibaki na baka moja kisogoni na dawa yake ya kupaka hakuiacha.

Mwezi wa Juni tulikwenda Laela. Safari hii wakwe nilikuwa nimewaeleza yote, kwa ruhusa yake. Tulipoingia uani, Justina alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

Bertilla akashuka chini, goti moja, kisha la pili, juu ya udongo mtupu. Akapiga makofi taratibu. Nilitazama udongo. Hakukuwa na damu.

Justina alimwacha apige makofi kidogo, kisha naye akapiga magoti mbele yake. "Ungesema, mama! Mwaka na zaidi nakusengenya bure! Inuka, utanimalizia makofi yangu."



Ndoa ilifungwa Septemba, kwa spika za kupasua masikio. Baadaye Wilibrodi alipata kazi Kirando, wakahamia huko ziwani. Mara ya mwisho kuwaona Bertilla na Justina pamoja ilikuwa asubuhi niliyoondoka Laela baada ya harusi. Walikaa mkeka mmoja wakipukuchua mahindi, wakibishana nani kati yao ataitwa bibi mkubwa, na mimba ya mjukuu hata haijatungwa. Niliaga mara mbili. Hakuna aliyenisikia.