Siku Niliyomvua Feredina Aproni

Nakumbuka asubuhi moja pale Omurushaka, mwanangu, miaka ya themanini, nikiwa na mgahawa karibu na stendi. Nilikuwa kijana mwenye ulimi mkali, na kusema kweli ukali wenyewe haujaisha, umezeeka tu pamoja nami.

Mpishi wangu aliitwa Feredina, binti wa wakulima wa kijiji jirani cha Rugera wenye asili ya Rwanda. Maharage yake yalikuwa matamu ajabu, ila alikuwa mchelewaji. Basi la Bukoba likiondoka alfajiri, abiria waliondoka na njaa. Nilimwonya kwa mdomo mara mbili, tatu. Siku hiyo alipofika jua limeshatoka, nilimvua aproni pale mlangoni, watu wakitazama, nikamwambia asikanyage tena kwangu. Hata sikumwuliza amepatwa na nini. Nilijiona mwanamke wa shoka.

Wiki haikuisha, Rugera nzima ikawa inasema Feredina ameiba. Mimi sikutamka neno wizi, lakini mtu akitimuliwa mbele za watu, kila mmoja humalizia habari anavyotaka. Hakuna aliyekubali kumpa kazi. Mama mkwe wangu aliposikia alinifuata mgahawani, akakataa hata chai.

"Siku unamwajiri ulimpa kiti, mkatafuna punje za kahawa tunazompa mgeni kwa heshima," alisema. "Siku ya kumtoa umemsimamisha mlangoni. Heshima ile uliipeleka wapi?"

Niliona aibu, mwanangu. Nilikwenda kwa afisa kazi kuuliza sheria inasemaje, kisha nikamwita Feredina, akaja na kaka yake. Tukakaa, kahawa za kutafuna zikiwa katikati yetu. Safari hii nilimsikiliza. Alikuwa akimuuguza mama yake, na hakuona namna ya kuwahi alfajiri. Nilimhurumia sana, lakini mgahawa ulihitaji mtu wa alfajiri, nikamwambia hivyo bila kuzunguka. Nilimrudisha kazini kwa notisi ya maandishi, amalizie mwezi kwa zamu ya mchana, apate haki zake zote, na barua ya kusema ni mpishi hodari na mwaminifu. Siku yake ya mwisho nilisimama mlangoni palepale, nikamshukuru kwa jina, nikawaambia abiria na majirani kwamba hajawahi kugusa kitu changu. Aproni nilimwachia.

Kwa barua ile alipata kazi ya jikoni shuleni Bugene, ambako chakula ni cha mchana.

Basi nikwambie wazi, kwa kuwa sasa nawe unasimamia watu kazini. Kumwachisha mtu kazi si dhambi, na usiogope kufanya hivyo ikibidi. Ila mwonye kwa maandishi, mwache ajieleze, fuata sheria, mpe notisi na barua ya kweli. Maneno mazito myaseme mmekaa, na wema wake useme watu wasikie.

Mungu akubariki, mwanangu, aijalie baraka kazi ya mikono yako. Na siku ikifika ya wewe kuondolewa kazini, akukutanishe na bosi atakayekuvutia kiti kwanza.