Vidonge kwa Moto ya Kilio

Bulonza hakutupa udongo kwa kaburi ya mama yake. Neno hilo lilimkaa kwa koo miaka saba kama mfupa ya samaki. Si kwamba alikataa. Ile saa jeneza inatoka, yeye alikuwa amefungwa kamba kwa mti ya avoka nyuma ya nyumba, pale Muyinga, nguo imepasuka, anaimba nyimbo za kanisa na sauti imekauka. Aliyeleta kamba ni Kasiano, bwana wa Elyse, yaya yake, dada mkubwa wa tumbo moja. Aliyemfikisha kwa ile kamba ni Elyse mwenyewe. Na ni Elyse tena alizunguka soko nzima na ule mdomo wake usiochoka: "Mdogo yangu aliharibu kilio ya mama. Ni mashetani."

Mashetani. Haya.

Bulonza ni mshonaji. Anakaa Gitega, kule Magarama, vyumba viwili na mashine moja kwa dirisha. Wazazi walitoka Bukavu, wakauza vitenge Muyinga mpaka wakazeekea pale. Ugonjwa yake ilianza angali msichana. Kuna wakati anapanda, anaongea bila kumeza mate, anakata vitambaa vya watu bila kupima. Kisha anashuka, hata kujiosha inamshinda. Dokta wa akili kule Gitega aliiita bipolaire, akamwambia: "Mama, kwako we, usingizi ndiyo mlango. Ukikosa kulala, ugonjwa inaingia. Kunywa dawa, lala, wengine wafanye wanavyotaka."

Basi anaishi hivyo. Kisha ya saa sita ya mchana, chai hapana. Saa mbili ya usiku amezima simu, amemeza kidonge, yuko kitandani. Mkesha ya kanisa haendi. Walisema amepoa kwa imani, akawaacha waseme. Na kuna usiku mwingine usingizi inakataa tu, bila sababu. Hapo analala macho wazi, mikono ameikandamiza chini ya tumbo, sababu anaijua mikono yake: ikitoka, inaenda kwa mashine. Alimuambia Bahati, jirani yake wa ukuta moja: "Ukisikia mashine inalia usiku, usifikiri niko na kazi nyingi. Gonga." Bahati amekwisha gonga mara nyingi. Hiyo si maisha ya kumuonea mtu wivu. Lakini alikuwa anaiweza.

Kisha mama akafa.

Kwa kilio, wanawake wanakaa chini kwa mikeka, wanaimba mpaka kunakucha, na mtoto wa marehemu ndiye wa kwanza kuangaliwa kama macho iko wazi. Ukilala, hukumpenda. Bulonza alifika Muyinga jioni, akatoa vidonge kwa sakoshi yake ya mkono. Elyse akamuona.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa yangu, yaya. Ya kulala."

"Ya kulala? Mama iko hapa ndani, bado hajazikwa, na we unatafuta usingizi?"

"Yaya, dokta alisema..."

"Dokta yako naye alizaliwa na mama ama aliokotwa? Lete hapa."

Bulonza aliachilia. Juu ya sababu mbili: ni yaya yake, na watu walikuwa wanaangalia. Usiku wa kwanza alikesha. Usiku wa pili yeye ndiye aliongoza nyimbo, hakuchoka, watu wakasema huyu mtoto alimpenda mama yake kweli, vraiment. Elyse akapokea sifa kama yake. Asubuhi ya mazishi, Bulonza alikuwa barabarani anagawia wapita njia vitenge vya marehemu. Kisha akarudi mbio na mkasi, anataka wafungue jeneza ampime mama rinda mpya. Ndipo Kasiano akaleta kamba.

Baadaye alishuka. Miezi kitandani, mashine imefunikwa shuka kama maiti. Bwana yake Bagalwa alivumilia kidogo, akasema anaenda Uvira kuangalia biashara. Mpaka leo anaiangalia.

Mwaka huu familia ikakubaliana kuondoa kilio, ile levée ya mwisho. Watu wanakaa chini ya hema, wanakula, wanakunywa, kisha mkubwa wa familia anasimama anauliza: nani iko na neno juu ya marehemu ama kilio yake? Mwenye neno anasema pale pale. Asiyesema ananyamaza mpaka naye azikwe, juu kilio ikiisha kuondolewa, hakuna kuifukua. Bulonza alijua hiyo. Ingekuwa siku hiyo, ama angekufa akiitwa wa mashetani.

Elyse alimpigia simu. "Uje mbele ya siku yenyewe. Wanawake watapika usiku nzima."

"Nitakuja. Nitamenya ndizi mpaka giza, kisha nalala kwa Mama Ilyasi."

"Kwa jirani? Kwani sisi hatuna nyumba?"

"Nyumba yenu iko na mti ya avoka."

Elyse akakata simu.

Mama Ilyasi ni Mwislamu, mama ya watu wengi pale kwa ile mtaa. Alimtandikia godoro kwa chumba ya nyuma, akafukuza watoto na redio yao. Bulonza alimeza kidonge, akafunika kichwa. Nyimbo za kule upande wa pili zilikuwa zinamvuta kama mtu amemshika mguu. Asubuhi Mama Ilyasi akamletea uji.

"Umelala?"

"Nimelala ya kutosha kusema."

Chini ya hema, mjomba Nazario, mkubwa wa familia, alisimama na fimbo yake, akauliza lile swali. Bulonza akasimama.

"Kaa chini, mdogo yangu," Elyse akasema. "Usituletee tena mambo yako."

"Elyse, mi sikukuita," mjomba akasema. "Ongea, mtoto."

"Hapa Muyinga mnasema niliharibu kilio ya mama. Nilifika na akili yangu kwa kichwa na dawa yangu kwa sakoshi. Dawa ndiyo ilitoka kwanza. Yaya aseme aliipeleka wapi. Ni hiyo tu."

"Dawa gani? Mi sijui dawa."

Mama Ilyasi alikuwa nyuma, kwa wanawake. Hakusimama hata. "Ile uliyotupa kwa moto, chini ya sufuria ya maharagi. Si mi nilikuwa nakoroga? Nikakuuliza, ukasema ni karatasi."

Elyse akamtazama Kasiano. Kasiano akatazama chupa yake.

"Bon, nilitupa," Elyse akasema. "Lakini ilikuwa ya kulala. Nani kati yenu angeacha mdogo yake alale kwa kilio ya mama? Nyinyi mngeacha?"

Wengi pale wangetupa pia, na walijijua.

"Donc haikuwa mashetani," mjomba akasema.

"Haikuwa mashetani."

"Ilikuwa nini?"

Elyse alishika kitenge yake kwa magoti, akaikunja, akaikunjua. "Ilikuwa mi."

Mjomba akafunga kilio. Kisha akawapeleka wote kaburini, juu Bulonza aliomba. Kaburi ilikuwa imekwisha funikwa na simenti na karo, vigae vyeupe vya kung'aa, Elyse alijenga vizuri, hapo hatumnyimi. Bulonza akachota udongo kando ya njia, akatupa. Udongo ikagonga karo, ikatawanyika, haikuingia popote. Akachota tena, akatupa tena. Ikawa vile vile.

"Unisamehe, mdogo yangu," Elyse akasema nyuma yake, analia.

Bulonza akajipangusa mikono. "Nilitaka useme, umesema. Hiyo ingine sikukuomba."

"Basi ukae nasi leo. Tukae usiku moja tu, kama watoto wa mama moja."

Jua ilikuwa inaingia. Bulonza akafungua sakoshi, akagusa pakiti ya vidonge kama iko, akafunga.

"Nipishe njia, yaya," akasema. "Saa yangu ya kulala inakaribia."