Mashine ya Kumpima Tonton

Mimi simwamini fundi. Hata leo nikipeleka redio kutengenezwa, nasimama pale pale mpaka mfuniko urudi mahali pake. Wanangu wananicheka; wacheke. Katika Kisangani niliyoijua, gari liliweza kuingia gereji na dinamo nzima likatoka na dinamo ya mtu mwingine. Kila mwenye gari alijua hivyo, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kujilinda. Wengine walikuja na kiti wakakaa kando ya gari kutwa nzima, wakiletewa chakula hapo hapo. Wengine waliweka alama kwenye vipuri vyao. Mimi niliweka alama.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya chama kimoja, tukiitana bado citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, badala ya bwana na bibi. Nilikuwa na gari la Kijapani lililozeeka kabla halijanifikia, na kwa gari hilo nilikwenda Bengamisa kila juma kununua mchele na mihogo ya kuuza mjini. Fundi wangu alikuwa tonton, mdogo wake mama, aliyenilea baada ya baba kufariki na ndiye aliyenifundisha kuendesha. Gereji yake ilikuwa paa la mabati tu, njiani kuelekea daraja la Tshopo. Vifaa hakuwa navyo vingi. Alikuwa na jina zuri, na jina hilo ndilo lililomlisha yeye na watoto sita.

Basi mtu kama huyo nilimshuku kwa nini? Kwa sababu jirani yangu alikuwa ameibiwa kabureta, na aliyemwibia ni shemeji yake. Nikajiambia, kama shemeji ameweza, tonton atashindwa nini? Jumapili moja, kabla ya kumpa gari atengeneze breki, nilifungua boneti nikiwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Nikapaka tone kwenye dinamo, kwenye betri, kwenye pampu. Halafu nikawaza kwamba mwizi hodari huacha ganda na kubadilisha kilichomo. Kwa hiyo nikachomoa kila plagi ya waya niliyoweza kuifikia, nikapaka mpaka vile vijiti vya chuma vya ndani, nikazirudisha. Nilijiona mwerevu kupita watu wote wa mtaa.

Jumatatu asubuhi tonton alichukua ufunguo. Alasiri alirudi kwa miguu. Kazi ya breki imekwisha, alisema, lakini gari linakohoa, linatoa moshi mweusi, na taa ya rangi ya machungwa imewaka mbele ya usukani. Alikuwa ameunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya kijisanduku kilicho chini ya boneti, ile taa ikaanza kupepesa: mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena. Hiyo ni namba ishirini na mbili, akanieleza, maana yake sonde, kile kifaa kidogo kinachopima joto la maji, haisikiki kwenye ubongo wa gari. Kwenye injini hajafungua kitu, alisema. Angependa nije mwenyewe, afungue mbele ya macho yangu.

Alipokuwa akisema hayo alitazama pembeni, na mimi sikulipenda jicho lile. Nikamwuliza kama hakuna mashine ya kusoma hizo namba. Akasema zipo, ila kwa gari la umri huu waya unatosha, nisijisumbue. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka kabisa. Fundi anayekataa mashine, anaogopa mashine iseme nini?

Nilichukua ufunguo wangu, nikaenda gereji peke yangu, nikaliendesha gari lile, likifuka moshi njia nzima, mpaka kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu, Mkatoliki mwenye msalaba juu ya mlango na duka lililojaa vitu vya kila aina. Alikuwa na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ina vioo vinne vya mishale kama saa na mipira mirefu, na alivyoipangusa vumbi haraka nikajua ndiyo anayotaka kuniuzia. Nikambana kwa maswali mpaka akakiri kwamba ni ya magari ya kabureta. Ya pili ilikuwa na kitaa kimoja tu kinachopepesa, mtu ahesabu mwenyewe. Hiyo niliikataa, kwa kuwa haikupita waya wa tonton. Ya tatu ilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo kinachoandika namba yenyewe, na kitabu cha Kifaransa cha kueleza kila namba. Nikakagua nyaya zake kama zinaingia kwenye matundu ya gari langu. Nikahesabu kurasa za kitabu kama hakuna iliyochanwa. Nikaichukua hiyo. Nilitaka neno lisilopitia mdomo wa mtu.

Kwa kweli sikuijaribu pale dukani. Nilitaka iseme kwa mara ya kwanza mbele ya tonton, na mbele ya watu.

Kesho yake gereji ilikuwa na wateja wawili watatu. Mmoja alikuwa karani wa serikali, Mwislamu wa Maniema, mtu wa heshima, ambaye kwa miaka mingi gari lake halikuguswa na fundi mwingine. Nilifungua boneti bila salamu, nikaunganisha kisanduku changu, kioo kikaandika ishirini na mbili. Mwingine angeona haya, maana mashine imesema alichosema tonton. Mimi nililigeuza neno hilo. Nikajiambia, ameijua namba kabla ya mashine kwa sababu aliyeharibu ni yeye.

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, “Tonton, sonde yangu ya muzuri uliuzishia nani?”

Yule karani alinitazama, akamtazama tonton, akafunga mlango wa gari lake taratibu, akawasha, akaondoka.

Tonton alipangusa mikono. Akachomoa plagi ya sonde, akanionyesha ndani. Vijiti vyote viwili vilikuwa vyekundu, rangi imekauka juu yake kama ngozi. Umeme upite wapi? Akakwangua kwa ncha ya kisu, akarudisha plagi, akaondoa waya wa betri kwa muda ili gari lisahau ile namba, akaurudisha, akawasha. Taa ilizimika. Moshi ukaisha, injini ikatulia.

“Mama,” akaniambia, kwa sauti ya chini, “hii rangi niliiona tangu lundi, siku ulinipa ufunguo, kila fasi. Bon, nikasema siguse kitu, mutoto ya dada yangu asiseme nimegusa.”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nililia mbele ya wale waliobaki, nikamwomba msamaha. Alisema yamekwisha, niende, mchele wa Bengamisa hautanisubiri. Lakini macho yangu yalikuwa barabarani, alikopita karani, ambaye alisikia nusu ya habari na kuondoka nayo mjini.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa karani. Alinipa kiti, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilimweleza yote: rangi, plagi, mashine niliyoinunua, kisu, na jinsi tonton alivyoiona rangi akanyamaza. Sikujificha hata kidogo, nilijiita mjinga mara tatu. Nilipomaliza akauliza bila ukali wowote.

“Citoyenne, wewe alikulea. Kama iko mutu wa kuaminika, alors, mashine ulinunua ya nini?”

Mimi ningekuwa yeye, ningeuliza vilevile. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, na gari lake hakulirudisha kwa tonton tena.