Baba Yako Alikuwa Mchoraji

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa kwa umri huu nasahau hata mahali nilipoweka miwani. Ilikuwa Makuyuni ya Korogwe, nyumbani kwa wazazi wetu, wakati wa kuvuna mahindi. Mhariri wa vitabu vya watoto alikuwa ametoka Dar es Salaam, amekaa kwenye kiti chetu kizuri akisubiri kuona michoro ya baba yako. Na baba yako alikuwa shambani, hataki kurudi nyumbani.

Najua unashangaa. Wewe ni kitindamimba, ulimkuta baba yako Salehe akiwa mkulima wa Sindeni, mtu wa mihogo na michungwa, mwenye maneno machache. Jana uliponionyesha picha zako kwenye simu, ukaniuliza mchoraji anayeanza afanye nini ili watu wa vitabu wamjue, nilinyamaza mpaka ukadhani sijasikia. Nilisikia. Nilikuwa namfikiria kaka yangu.

Tulifuatana kuzaliwa, yeye mbele, mimi nyuma. Wote wawili tulipenda kuchora, lakini mkono ulikuwa wake. Wafugaji walipopitisha ng'ombe zao wakitokea upande wa Handeni, Salehe alikaa pembeni ya njia na penseli, na akishamchora ng'ombe ungejua kuwa yule mnyama ana kiu. Watu wangu mimi walisimama wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Sikuona aibu kulisema hilo wakati ule, na sioni aibu sasa.

Shida ya Salehe ilikuwa moja. Akimaliza mchoro, aliutia kwenye sanduku la bati na kulisukuma chini ya kitanda. Mgeni akiingia, anafunika alichokuwa anachora. Mimi nilihangaika na yangu. Niliwapelekea walimu, nikawapelekea akina mama wa zahanati waliotaka picha za kufundishia wazazi, na mwenye duka la vifaa vya shule pale Korogwe, Mzee Athumani, nikamwomba anibandikie michache mlangoni. Chini yake niliandika jina langu na kijiji chetu. Nilimwomba Salehe naye atoe hata mmoja tuuweke pale. Akakataa. Alisema yeye si mchuuzi wa kutembeza vitu, na kwamba kazi ikiwa nzuri watu wataitafuta wenyewe.

Jioni moja tulikuwa tunakula bada, ugali wa muhogo, mama yetu akamuuliza bila kumtazama, "Salehe, unamchorea nani?"

"Mwenye macho ataona, mama."

"Ataona wapi? Chini ya kitanda?"

Baba yako alinawa, akatoka nje. Mama alikuwa mpole, hakuwa na kawaida ya kukemea, na nadhani lile ndilo karipio pekee nililowahi kumsikia akimpa mwanawe mkubwa. Laiti angelisikia.

Basi yule mhariri alipita Korogwe, akaona michoro yangu mlangoni kwa Mzee Athumani. Alikuwa na hadithi ya mtoto wa mfugaji wa Handeni, anatafuta mtu wa kuichorea picha. Akaelekezwa Makuyuni. Nilimkaribisha, nikamwambia ukweli, kwamba nyumbani humu yuko anayechora kunizidi. Akasema angependa kumwona. Nikakimbia shambani. Salehe aliendelea kuvunja mahindi, akaniambia nimwambie mgeni aje siku nyingine. Ilibidi mama aende mwenyewe, na sijui alimwambia nini huko, lakini walirudi pamoja, kaka yangu nyuma, mikono imejaa vumbi.

Alipolivuta lile sanduku tukakuta mchwa wametoboa chini, wamekula nusu ya karatasi. Michoro iliyopona, mhariri aliitazama mmoja mmoja. Alifika kwenye mchoro wa mtoto mchungaji aliyeegemea fimbo, akakaa nao muda mrefu. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Unaye mtoto huyuhuyu mahali pengine? Anacheka, au anakimbia, au analia?"

Salehe hakuwa naye. Hakuwahi kumchora mtu mmoja mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitabu kinataka mtoto yuleyule kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu hakumruhusu mtu yeyote anayejua mambo hayo aione kazi yake. Yule bwana hakukasirika. Alituachia hadithi, akatuomba sote wawili tuchore kurasa chache tumpelekee kabla ya mwezi kwisha. Lakini alipokuwa anaaga, mkono wa Salehe ndio alioushika kwa muda. Nilimwona. Nilijua anamtaka nani.

Mwanangu, mwezi ule ulikuwa mzito nyumbani kwetu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Salehe alichonga penseli. Aliketi mbele ya karatasi nyeupe mpaka mwanga ukaisha, kesho yake vilevile. Siku ya kwenda stendi kupeleka kurasa zile nilimuuliza kama yake iko tayari, akasema bado. Nikamwambia nitamsubiri hata basi la mchana. Akasema nisisubiri.

Kitabu kilitoka na jina langu. Baba yako hakuninunia hata siku moja, alinipongeza, akakipitia ukurasa kwa ukurasa, akasema yule mbuzi nimempata vizuri. Baada ya hapo akahamia Sindeni, akafungua shamba, akamuoa mama yako. Sanduku lilibaki Makuyuni na mchwa wakamaliza kazi yao. Leo ningekuwa na karatasi yake hata moja ningekuonyesha, ukaona mkono wako umetoka wapi. Sina.

Miaka ikapita. Nilikuja Sindeni kuwajulia hali, wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Dada yako Mwanaidi aliniamkia, akarudi kwenye mkeka alikokuwa anasoma kitabu cha shule. Kilikuwa kile changu. Alipoambiwa kuwa shangazi ndiye aliyechora zile picha, alifurahi sana, kisha akamgeukia baba yake. "Baba, na wewe unajua kuchora?"

"Zamani," alisema. "Kidogo."

Akaomba maji ya kunywa.

Aliponisindikiza barabarani, tulitembea mpaka karibu na kituo. Hapo ndipo alipozungumza, na maneno yale nimeyabeba peke yangu hadi leo. "Unajua, Zaina, haikuwa kiburi. Niliogopa. Picha ikiwa chini ya kitanda, hakuna anayeweza kukuambia ni mbaya." Gari likaja, nikapanda. Hata ningepata la kumjibu, lingemfaa nini wakati ule, na jembe begani?

Tulipomzika, mzee mmoja alisoma wasifu wake barazani, sisi wanawake tukisikiliza kutoka ndani. Wasifu ule ulisema alikuwa mkulima hodari, jirani mwema, mtu wa msikitini. Yote ni kweli. Nilingoja neno moja zaidi, halikuja. Hapakuwa na mwenye kosa, waliokuwa pale hawakuwahi kuona hata mstari wake mmoja.

Ndiyo maana uliponiuliza jana sikuwa na jibu la haraka. Sasa sikiliza.

Kwanza jua unataka kuchora nini. Kama ni vitabu vya watoto, usimrundikie mtu picha za magari, maua na harusi za marafiki zako kwa kuwa nazo umezichora. Chagua chache zilizo bora, zinazofanana na kazi unayoitaka. Mchukue mtoto mmoja wa kubuni, mchore akiamka, akipigwa na mvua, akigombana na mdogo wake, mpaka mtu akimwona popote amtambue. Hiyo ndiyo itakayomwambia mhariri kwamba unaweza kubeba kitabu kizima.

Andika jina lako kwenye kila picha, na namba ya simu pale inapoonekana. Nyinyi mna mitandao, mlango wa duka lenu unaonekana na dunia nzima. Basi weka kazi yako humo kwa utaratibu, hata wiki ambayo hakuna anayeipenda. Lakini usiishie humo. Nenda kwa miguu yako kwa wachapaji wa Korogwe, kwa walimu, kwa watu wanaoandika hadithi. Waamkie, waeleze kwa maneno machache wewe ni nani na unachora nini, waachie nakala. Mwezi ukipita kimya, waulize tena kwa upole. Mtu akikuahidi kazi, ipeleke siku mliyopatana, hata kama mkono bado unataka kurekebisha. Iliyokamilika nusu na ikabaki nyumbani haimlishi mtu wala haimfunzi.

Na watakukataa. Sikufichi, watakukataa sana, wengine bila hata kufungua ulichowatumia. Mimi walinikataa mpaka nikazoea kulia nikitembea. Inauma, kisha asubuhi inafika na penseli ipo. Maumivu ya kukataliwa nayajua, yana mwisho. Yale ya kaka yangu niliyatazama maisha yake yote, na sikuona mwisho wake.

Kujitangaza si kujisifu, mwanangu. Ni kumpa mwenzako nafasi ya kuona. Ukiogopa, ogopa hivyohivyo huku umebeba picha zako, twende.

Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako, auongoze kwenye kazi ya halali na watu wa kweli. Akupe kifua cha kulimeza neno baya na kesho yake uchore tena. Amrehemu baba yako, amwangazie huko alipo. Na siku watakaposimama watu kusema wewe ulikuwa nani, isiwe habari mpya kwa mtu yeyote kwamba ulichora. Amina.