Kamera imemwona, mimi sikumwona

Jamani, naombeni ushauri.

Leo asubuhi nimeshuka na gari kutoka Dindira, ukungu mzito. Nilipofika Korogwe nikafungua video ya kamera yangu mpya ya gari, nione kama namba za magari zinasomeka.

Zinasomeka vizuri tu! Nikajisifu.

Mara, pale konani, mwanamke anajirusha mtaroni kunikwepa. Wallahi sikumwona!

Nikakuza picha. Kitenge kile nilimnunulia mama.

Nikapiga simu. "Shikamoo mama. Mzima?"

"Marahaba mwanangu. Nimechubuka goti tu. Kuna kichaa kanikosakosa na gari, ukungu hata sikumjua. Wewe endesha taratibu, wenzio hawaoni watu."

Nikaitikia, "Sawa mama."

Ninyi mngemwambiaje?