Kiangazi Ambacho Jiko la Sainobo Halikuwaka

Shigemichi alifariki asubuhi, siku chache tu baada ya mlima kufunguliwa kwa mahujaji, akiwa ameketi kizingitini anafunga kamba za viatu vyake vya kupandia. Mkewe, Setsuyo, alikuwa jikoni akimenya machipukizi ya mianzi. Alimsikia akikohoa mara moja, kisha kukawa kimya. Alipotoka kumtazama alimkuta ameegemea nguzo kama mtu aliyepitiwa na usingizi, kamba ya kiatu cha pili bado iko mkononi.

Katika kijiji cha Tamukeno watu wote huishi kwa Mlima Onagami. Nyumba zilizopangana kandokando ya barabara ya hekalu ni nyumba za kulaza mahujaji. Wanaume huwaongoza wageni hadi kileleni wakipuliza baragumu la kombe la baharini, na wanawake hubaki kupika, kutandika magodoro na kufua nguo nyeupe zilizorudi na matope. Sainobo ilikuwa mojawapo ya nyumba hizo. Setsuyo aliingia pale akiwa bibi harusi, akazeekea palepale, na viangazi vyote vya maisha yake ya ndoa vilipita kati ya jiko na bafu la wageni.

Msiba ukiingia katika nyumba kama hiyo, jambo la kwanza ni kuifunika rafu ya miungu kwa karatasi nyeupe, wasiguswe na kifo. Na si vizuri kazi hiyo ifanywe na mtu wa nyumba yenye msiba. Setsuyo alikuwa akiwaza amwite nani, mlango wa nyuma ukasukumwa. Aliyeingia ni Towa, mama mwenye nyumba ya Kagamibo iliyoko ng'ambo ya barabara, ana karatasi kwapani na kibakuli cha gundi ya wali mkononi.

"Pole, Mama Masaomi," alisema. "Ngazi iko wapi?"

"Iko stoo. Lakini magoti yako, Mama Kinue…"

"Magoti yangu niachie mwenyewe. Wewe ishike ngazi isiteleze."

Akapanda, akabandika karatasi kwa vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, akashuka. Akapiga magoti mbele ya Shigemichi, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akaondoka. Setsuyo alimwona kupitia dirishani akijinyunyizia chumvi ya kujitakasa mlangoni pake kabla ya kuingia ndani.

Ilikuwa ajabu kidogo, kwa sababu wanawake hao wawili hawakupendana. Si kwamba waliwahi kugombana. Waliolewa Tamukeno majira yaleyale ya kuchipua, theluji ikiwa bado haijaisha kandokando ya barabara, na tangu siku hiyo wakawekwa kwenye mizani. Setsuyo akichelewa kuamka, mama mkwe wake alimwambia kwamba mke wa Kagamibo ameshafagia hadi barabarani. Wali ukiungua, aliambiwa kwamba kule ng'ambo wali hauungui. Maneno hayo aliyasikia miaka na miaka, mpaka ikawa kila akimwona Towa anaanika mashuka anajiona amechelewa. Mama wakwe walikwisha kufa zamani, lakini mazoea hayakufa nao. Walisalimiana barabarani, wakaulizana habari za mvua, basi.

Mazishi yalifanywa kwa desturi ya hekalu, makuhani wakiwa wamevaa nyeupe na mvua ikinyesha polepole. Masaomi, mwana wao wa pekee, alikuja kutoka Sendai na kukaa juma zima. Usiku wa mwisho kabla ya kurudi kazini, alimwuliza mama yake kuhusu wageni.

"Wengi nimewaandikia wasije," Setsuyo alisema. "Wamebaki wale wa Akezuhama."

Watu wa Akezuhama walikuwa wavuvi wa pwani ya mbali. Walikuwa wakija Sainobo kila mwisho wa Julai tangu enzi za babu yake Shigemichi. Walipanda mlima na majina ya wafu wao, kwa sababu huko kwao wanaamini kwamba aliyemezwa na bahari hupumzika Onagami.

"Wapokee tu, mama," Masaomi alisema. "Siku hizi nani anauliza habari za msiba? Wanakuja, wanakula, wanapanda, wanaenda zao."

"Moto wa nyumba hii umekaa na maiti. Nitampikiaje mtu anayekwenda mbele ya miungu kesho yake?"

"Hawatajua."

"Mimi nitajua. Na baba yako angejua."

Masaomi alikuwa mtoto wa nyumba ile pia, ingawa alikuwa amehama zamani. Baadaye aliingia bafuni, akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Kesho yake Setsuyo alimpigia simu mzee Tokushiro, kiongozi wa kundi la Akezuhama. Alikuwa amejiandaa kumwambia kwamba mwaka huu haiwezekani. Lakini mzee yule, baada ya kutoa pole zake, alisema kwa sauti ya kukwaruza:

"Mama, tumebaki watu wachache. Mwakani sijui kama tutapata wa kutosha kujaza hata gari dogo. Tutakuja. Utulaze hata stoo. Na bwana naye sasa yuko huko juu, tukifika tutamsalimia."

Setsuyo aliiweka simu mahali pake, akakaa sebuleni akitazama karatasi nyeupe iliyofunika rafu. Kisha akavaa kandambili zake akavuka barabara. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio wa Kagamibo, akaita.

Towa alitoka akijifuta mikono. "Nilidhani utakuja jana," alisema.

"Ulijuaje kama nitakuja?"

"Wageni wa Akezuhama huja mwisho wa mwezi. Leo tarehe ngapi? Sijawa kipofu bado. Watalala kwangu. Mkwe wangu, mumewe Kinue, atawapeleka juu, anaijua njia. Jambo moja tu linaninyima usingizi."

"Lipi?"

"Ile tofu yako ya ufuta, laini kama maziwa ya mgando. Wale watu wa pwani wana maneno, yaani wana maneno. Wakipita barabarani nawasikia wanavyoisifia. Mimi nikiwawekea ya kwangu, wataitazama kama wamewekewa sabuni."

Setsuyo hakujua acheke au aombe radhi. "Siwezi kuingia jikoni kwako, Mama Kinue. Siku hamsini za msiba hazijaisha."

"Nani amekuambia uingie? Simama nje ya dirisha la jiko. Mdomo wako hauna msiba."

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya siku ambayo wageni walitarajiwa, Setsuyo alisimama kwenye nyasi zenye umande nyuma ya Kagamibo, mikono ameikunja ndani ya mikono ya kimono yake nyeusi, akichungulia jiko la mwanamke mwingine. Hakuwahi kuliona kwa ndani. Lilikuwa na sufuria kubwa kuliko zake na dari nyeusi kwa moshi. Towa alikuwa sakafuni, amelibana bakuli la kusagia katikati ya magoti, anasaga ufuta.

"Bado," Setsuyo alisema.

"Umekuwa mafuta matupu huu."

"Bado. Saga mpaka usisikie sauti ya punje hata moja."

Towa akaendelea kusaga, jasho likimtiririka puani. "Mama mkwe wangu angekuona umesimama hapo angefurahi kweli kweli. Alinichosha na wewe, mama yule. Mke wa Sainobo ana mkono mwepesi. Mke wa Sainobo tofu yake inatetemeka kama shavu la mtoto. Siku moja nilitupa sufuria nzima mtoni kwa hasira."

Setsuyo alidhani hakusikia vizuri. "Alikuwa akisema hivyo? Habari zangu?"

"Kila siku ya Mungu. Kwa nini?"

"Wangu alikuwa akinisema kwa sababu yako. Mke wa Kagamibo ameshafagia. Mke wa Kagamibo wali wake hauungui."

Mchi ukasimama. Towa aliinua uso akamtazama mwenzake kupitia dirisha lililojaa mvuke. "Wali wangu?" alisema taratibu. "Mimi nimekuwa nikiunguza wali mpaka leo. Muulize Kinue."

Setsuyo aliwaona akilini wale mama wakwe wawili marehemu wakikutana kwenye kisima cha jirani, kila mmoja akimlalamikia mkwe wake na kumsifia wa mwenzake, kisha kila mmoja akirudi nyumbani na fimbo ya kumchapia mke wa mwanawe. Halafu Towa akaanza kutikisika mabega. Setsuyo naye akaziba mdomo kwa mkono wa kimono, akacheka kicheko kisicho na sauti, mpaka kikageuka kilio. Towa hakumzuia. Alisaga ufuta akingoja.

"Wanga sasa?" aliuliza baadaye.

"Wanga sasa. Moto mdogo. Koroga bila kupumzika, na usibadilishe upande. Ukianza upande wa kulia, koroga upande huohuo mpaka mwisho."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwiko ukatae."

Wageni walifika alasiri. Setsuyo aliwaona kwa mbali wakishuka garini, wazee watupu, mmoja akisaidiwa na mwingine. Alikaa ndani. Jioni taa za Kagamibo ziliwaka vyumba vyote, harufu ya uyoga na supu ya miso ikavuka barabara, vicheko vikasikika bafuni. Kwake kulikuwa giza. Alikula uji wa mchele na figili, akaosha bakuli moja, akalala. Hakuwahi kulala mapema hivyo msimu wa kiangazi, na mwili wake haukujua la kufanya. Mikono ilikuwa ikitafuta kazi gizani.

Alfajiri alisikia baragumu. Alivaa haraka akafungua mlango wa mbele, akapiga magoti kizingitini. Mahujaji walikuwa wamesimama barabarani, wote wamevaa nyeupe, mkwe wa Towa mbele yao. Hakuna aliyekanyaga kiwanja cha nyumba yake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutakaswa. Mzee Tokushiro alivua kofia yake ya nyasi.

"Mama," aliita, "jina lake tumeliandika pamoja na ya wafu wetu."

Kisha wakaimba maneno ya kupandia mlima, yale ambayo Shigemichi alizoea kuyaanzisha. Sauti zao zilikuwa nyembamba, hazikwenda pamoja, na mmoja wao alikosea mstari akarudia. Setsuyo aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka mlio wa kengele zao ulipopotelea kwenye mierezi.

Walirudi kesho yake jioni, wamelowa, wamechoka. Tokushiro alisimama tena barabarani akiegemea fimbo yake.

"Juu kulikuwaje?" Setsuyo aliuliza kutoka mlangoni.

"Ukungu. Sikuona hata miguu yangu. Lakini nilimtaja. Upepo ulikuwa mkali, sijui kama alisikia."

"Atakuwa alisikia. Alizoea upepo."

"Tofu ilikuwa nzuri," mzee alisema. "Ilikaribia ya kwako."

"Usimwambie hivyo mwenye nyumba."

"Nimeshamwambia. Amenijibu nikapikiwe pwani."

Ilikuwa mara ya mwisho kwa kundi la Akezuhama kuja wote. Mwaka uliofuata Tokushiro alikuja na mjukuu mmoja, na mwaka wa tatu ilikuja salamu tu.

Siku hamsini zilipotimia, makuhani walikuja wakafanya ibada ya kuhitimisha msiba, na Towa akapanda ngazi tena kuiondoa karatasi, akinung'unika kwamba gundi yake ilikuwa imara mno. Wiki hiyohiyo Setsuyo alimwambia mwanawe kwa simu kwamba hatafungua tena nyumba. Masaomi aliuliza mara mbili kama ana uhakika. Ana uhakika. Nyumba ya mahujaji bila wa kuwapandisha mlimani ni hoteli, na yeye hakuolewa kwenye hoteli. Atasaidia Kagamibo wakati wa msimu, kwa sababu vidole vya Towa vimekataa, na Kinue ni mwepesi wa kila kitu isipokuwa jiko.

Kabla theluji haijaanza, Kinue aliwapeleka Setsuyo na Towa kwa gari hadi mwisho wa barabara, pale ambapo miti huisha na nyasi za mlimani zinaanza. Setsuyo alikuwa amevaa nyeupe. Nguo kama hizo alizifua kwa maelfu, akazikausha, akazikunja, lakini mwilini mwake hakuwahi kuzitia. Msimu wa kupanda ndio uliokuwa msimu wa kupika. Alienda polepole juu ya njia ya mbao, Towa nyuma yake akilalamikia baridi, Kinue wa mwisho akihema, hadi kwenye hekalu dogo la katikati ya mlima. Kuhani kijana alipunga fimbo yenye vipande vya karatasi juu ya vichwa vyao, akawamiminia sake, pombe ya mchele, kidogo katika visahani.

Setsuyo alimwomba ruhusa ya kusema jina, akalisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mumewe aje kula. Wakakaa kwenye jiwe lililokingwa upepo. Kilele hakikuonekana. Nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu mpaka bondeni, na maji yalikuwa yakipita mahali fulani chini yake, yanasikika bila kuonekana.

"Alikuwa akitembea hapa kila kiangazi," Setsuyo alisema.

"Na mume wangu pia," alisema Towa. "Hawakutuambia kwamba kuna baridi hivi."

Akamsogezea mwenzake nusu ya blanketi, wakasubiri Kinue apumzike ndipo washuke.